DOLA NA DUKA: UHAKIKI WA NADHARIA YA MTEMI WA LIECHTENSTEIN

Mwaka 2009 Mtemi Hans-Adam wa Pili wa Liechtenstein alichapisha kitabu kwa Kijerumani, Der Staat im dritten Jahrtausend, yaani Dola katika Milenia ya Tatu. Si jambo la kila siku mtawala aliyerithi kiti kukaa chini na kuandika nadharia ya dola. Kwa kawaida watawala wa namna hiyo huwaachia wasomi wao wa kuajiriwa kazi ya kuutetea utawala. Huyu ameifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa lugha nyepesi na bila woga, na kwa hiyo anastahili kujibiwa kwa hoja na si kwa kebehi.

Nadharia yake kwa ufupi ni hii. Dola isiwe bwana wa watu, bali iwe kampuni ya kutoa huduma. Wananchi ni wateja. Dola zikishindana kwa amani, kila moja italazimika kutoa huduma nzuri kwa bei nafuu, na bei ya huduma ya dola ni kodi. Ili mashindano hayo yawe ya kweli, kila jumuiya, hata kijiji, iwe na haki ya kujitenga na kujiunga na dola nyingine au kujitegemea. Kazi nyingi ambazo dola za siku hizi zimejitwisha ziondolewe mikononi mwake. Zibaki hasa kulinda sheria na kuendesha uhusiano na nchi za nje. Mfano unaosimama nyuma ya maneno yote hayo, hata pale usipotajwa, ni nchi ya mwandishi mwenyewe: ndogo, tajiri, tulivu, isiyo na jeshi.

Nadharia hii ina mvuto, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Nani asiyechoshwa na ofisi inayomsimamisha mtu mlangoni tangu asubuhi kana kwamba amekuja kuomba sadaka? Lakini nadharia ya dola haipimwi kwa mvuto wake. Hupimwa kwa kuuliza ni hali gani halisi iliyoizaa, na ni tabaka gani linalosema kwa kinywa chake. Basi yatupasa kuitazama nchi yenyewe.

Nchi iliyonunuliwa

Liechtenstein ina eneo la kilometa za mraba 160. Urefu wake kutoka kusini hadi kaskazini ni kama kilometa 25. Upande wa magharibi mto Rhine ndio mpaka wake na Uswisi. Upande wa mashariki milima ya Alpi hupanda kuelekea Austria, na kilele kirefu kuliko vyote, Grauspitz, hufikia meta 2,599. Wakazi ni kama 40,000. Nchi haina bahari, na majirani zake wote wawili nao hawana bahari. Ni nchi mbili tu duniani zilizo katika hali hiyo, na ya pili ni Uzbekistani. Uwanja wa ndege hakuna. Reli ni moja, nayo inapita tu ikitoka Uswisi kwenda Austria, na waendeshaji wake ni shirika la reli la Austria. Makao ya serikali ni Vaduz, na mji wenye watu wengi zaidi ni Schaan, jirani yake.

Lakini jiografia hiyo haituambii kwa nini pana dola hapo. Milima na mto haviundi dola. Mabonde ya namna hiyo yako mengi katika Alpi na hayana bendera. Jibu liko katika hati za mauzo. Ukoo wa Liechtenstein, makabaila wakubwa wenye mashamba yao huko Austria, Bohemia na Moravia, ulinunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712. Haukununua kwa kuyatamani mashamba hayo, ambayo yalikuwa maskini. Ulitaka kiti katika Bunge la Dola Takatifu ya Kiroma, na kiti hicho kilihitaji ardhi iliyokuwa chini ya Kaisari moja kwa moja, bila kabaila mwingine katikati. Tarehe 23 Januari 1719 Kaisari Karl wa Sita aliziunganisha sehemu hizo mbili, akazipa cheo cha utemi na jina la wanunuzi wake. Mtemi wa kwanza kuhamia huko na kuifanya Vaduz kuwa makao yake ni Franz Josef wa Pili, mwaka 1938, wakati Austria ilipokuwa imekwisha kumezwa na Ujerumani ya Hitler. Yaani kwa zaidi ya miaka 200 wenye nchi hawakuishi katika nchi.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu Mtemi mwandishi anapozungumza juu ya wateja hulipita haraka. Katika duka la kawaida mteja hununua bidhaa. Hapa mwenye duka aliwanunua wateja, pamoja na duka, na kwa haja ambayo haikuwahusu.

Uhuru wa nchi nao haukudaiwa na wakulima wa bonde la Rhine. Ulikuja mwaka 1806, Napoleon alipoivunja dola ya zamani na kuiingiza Liechtenstein katika Muungano wa Rhine. Baadaye ikawa katika Muungano wa Kijerumani, na huo ulipovunjika mwaka 1866 ikabaki peke yake. Mwaka 1868 jeshi lake dogo lilivunjwa. Tendo hilo lilikuwa la busara, na hata sisi tunaoikosoa nchi hii twalisifu.

Utajiri unatoka wapi?

Wako wasemao kwamba utajiri wa Liechtenstein ni wizi mtupu wa mabenki. Hawa ni wenzetu katika mambo mengi, lakini hapa wanakosea, na kosa lao linampa Mtemi ushindi wa bure. Nchi hii ina viwanda, tena viwanda hasa. Hilti, iliyoanzishwa Schaan mwaka 1941, hutengeneza keekee na mashine za kutobolea zege, na imeajiri watu zaidi ya 30,000 duniani. Ivoclar, pia ya Schaan, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa meno ya bandia. Mifumo ya usukani wa magari hutengenezwa Eschen. Viwanda vinachangia sehemu kubwa zaidi ya pato la taifa kuliko mabenki na wadhamini. Asiyejua hilo hawezi kuielewa nchi hii.

Swali la maana ni hili: viwanda hivyo vimesimama juu ya nini? Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wa watu wa bonde hili walikuwa wakulima, na wengine walikuwa wakihamia Marekani kutafuta riziki. Mto Rhine ulikuwa ukivunja kingo. Gharika ya Septemba 1927 ilifunika sehemu kubwa ya tambarare ya kaskazini. Tangu mwaka 1852 nchi ilikuwa imejifunga na Austria kwa mkataba wa forodha. Dola ya Austria ilipoanguka mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, fedha yake ikageuka karatasi, na Liechtenstein ikaanguka nayo. Mkataba wa Austria ukavunjwa mwaka 1919, na mwaka 1923 nchi ikatia saini mkataba wa forodha na Uswisi, ulioanza kazi Januari 1924. Faranga ya Uswisi ikawa fedha yake. Mwaka 1995 ikaingia katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na hivyo ikapata milango miwili, wa Uswisi na wa soko lote la Ulaya.

Basi soko ni la jirani. Fedha ni ya jirani. Forodha ni ya jirani. Reli, kama tulivyosema, ni ya jirani. Hatusemi kwamba ni aibu kumtegemea jirani. Nchi ndogo isiyo na bahari haina njia nyingine, na viongozi walioutia saini mkataba wa 1923 walifanya kazi yao vizuri. Tunachosema ni kwamba dola iliyojengwa hivyo haiwezi kuwa ushahidi wa nadharia ya mashindano. Liechtenstein haikutajirika kwa kushindana na Uswisi. Ilitajirika kwa kujiunga nayo.

Lakini lililo zito zaidi ni nguvukazi. Waajiriwa katika nchi hii wanazidi 40,000, yaani wanazidi idadi ya wakazi wote, wakiwamo watoto wachanga na wazee. Zaidi ya nusu ya waajiriwa hao huvuka mpaka kila asubuhi wakitoka Uswisi na Austria, na pia Ujerumani, kisha jioni hurudi kwao. Ni nani aliyewazaa katika hospitali, akawasomesha, akawafundisha ufundi? Ni nani atakayewatunza watakapozeeka? Kwa sehemu kubwa ni dola za kwao, zile zile ambazo kitabu kinazilaumu kwa kubeba kazi nyingi na kutoza kodi nyingi. Mwenye duka anajisifu kwamba bei zake ni nafuu, na kumbe ghala analotumia ni la mwenzake.

Je, wafanyakazi hao hawawezi kuhamia huko wanakozalisha mali? Hawawezi kwa urahisi. Ingawa nchi imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ilipatiwa ruhusa ya pekee ya kuzuia wahamiaji kwa sababu ya udogo wake. Vibali vya kuishi kwa raia wa eneo hilo ni vichache mno kwa mwaka, na nusu yake hutolewa kwa bahati nasibu. Hatusemi kwa mfano: ni bahati nasibu kweli, majina huchanganywa na kuchaguliwa. Anayefanikiwa kuishi huko na kutaka uraia hungoja miaka 30 kwa njia ya kawaida, au miaka 10 kama wananchi wa mji wake watamkubali kwa kura. Karibu theluthi moja ya wakazi ni wageni, nao hawana kura katika mambo ya nchi. Hapa twauliza: katika kampuni hii ya huduma, mteja ni nani? Fundi wa Austria anayevuka daraja kila siku kwa miaka 20 si mteja. Si mwenye hisa pia. Jina lake katika uchumi wa siasa linajulikana tangu zamani.

Wakfu usio na maskini

Sasa tuje kwenye mabenki na wadhamini. Mwaka 1926 Liechtenstein ilitunga sheria ya watu na makampuni ambayo wanasheria wa Ulaya waliisoma kwa furaha kubwa. Iliruhusu mashirika ya kila umbo, na baadhi ya maumbo hayo hayakuwa na mfano katika nchi jirani. Lililo mashuhuri kuliko yote ni lile ambalo kwa Kiswahili hatuna budi kuliita wakfu. Neno hili tunalitumia kwa kusitasita. Msomaji wa pwani anajua wakfu ni nini: mtu hutoa nyumba au shamba, mali ile hutoka mkononi mwake, na mapato yake huenda kwa msikiti, kwa wanafunzi, au kwa kizazi chake na maskini wa mji, na kila mtu mtaani anajua ni wakfu wa nani. Wakfu wa Vaduz ulikuwa kinyume chake. Mali ilitoka mkononi mwa mtoaji kwenye karatasi tu. Mdhamini wa Vaduz ndiye aliyeonekana kuishika. Na mfaidika, ambaye jina lake lilikuwa katika hati isiyoonyeshwa mtu, mara nyingi alikuwa mtoaji yule yule. Kwa muda mrefu idadi ya mashirika ya namna hii ilizidi idadi ya wakazi wa nchi.

Ni akina nani waliokuwa wateja wa duka hili? Ferdinand Marcos wa Ufilipino, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1986, aliweka mali katika mabenki ya Uswisi kwa majina ya wakfu zilizoundwa Vaduz. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Ufilipino iliamuru kwamba zaidi ya dola milioni 658 za Marekani zilizokuwa katika akiba hizo zilikuwa mali ya taifa zilizopatikana isivyo halali. Jenerali Sani Abacha wa Nijeria alikufa mwaka 1998. Liechtenstein ilirudisha kwa Nijeria kiasi cha yuro milioni 167 mwaka 2014. Mhesabu wa miaka ahesabu mwenyewe: miaka 16 ya mashauri ili mali ya umma wa Nijeria itoke katika bonde ambalo Wanijeria walio wengi hawajalisikia. Je, katika mashindano haya ya huduma, Mnijeria asiye na dawa zahanatini alikuwa mteja wa nani? Alikuwa bidhaa.

Mambo yalifumuka Februari 2008. Mfanyakazi wa zamani wa kampuni ya udhamini ya benki ya LGT alikuwa ameiuzia idara ya ujasusi ya Ujerumani orodha ya wateja, na mkuu wa shirika la posta la Ujerumani akakamatwa mbele ya kamera za televisheni. Mwaka uliofuata alihukumiwa kwa kukwepa kodi. Benki ya LGT si ya mtu mwingine, ni mali ya ukoo wa Mtemi. Machi 2009 serikali ya Vaduz ilitangaza kwamba inakubali kanuni za kimataifa za kupeana habari za kodi, na tangu 2017 hupeana habari hizo na nchi nyingine moja kwa moja. Haki itendeke: Vaduz ya leo si ile ya mwaka 1990. Lakini nani aliyeibadilisha? Si mashindano ya amani kati ya dola. Zilikuwa dola kubwa, Ujerumani na Marekani, zilizotumia nguvu zao. Kitabu cha Mtemi kilitoka mwaka huo huo wa 2009.

Nani mwenye neno la mwisho?

Katiba ya mwaka 1921 inasema kwamba mamlaka ya dola yamo kwa Mtemi na kwa wananchi pamoja. Pana Bunge la wajumbe 25, 15 wa sehemu ya juu na 10 wa sehemu ya chini. Pana serikali ya watu watano. Tangu Aprili 2025 inaongozwa na Brigitte Haas, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Vyama viwili vya zamani, vyote vya kihafidhina, vilitawala pamoja tangu 1938 hadi 1997. Wanawake hawakuwa na kura katika uchaguzi wa Bunge mpaka mwaka 1984, baada ya wanaume kukataa mara mbili, 1971 na 1973. Na hata mara ya tatu walikubali kwa kura chache tu.

Sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge, au na wananchi wenyewe kwa kura ya maoni, huhitaji idhini ya Mtemi. Asipoitoa katika muda wa miezi sita, sheria imekufa. Mtemi aweza kuiondoa serikali madarakani. Katika kuchagua majaji ana neno zito. Mamlaka hayo yalithibitishwa na mengine kuongezwa kwa kura ya maoni ya Machi 2003, ingawa Tume ya Venisi ya Baraza la Ulaya ilikuwa imeonya kwamba mapendekezo hayo ni hatua ya kurudi nyuma. Asilimia 64 ya wapiga kura waliunga mkono. Kabla ya kura Mtemi alikuwa amesema wazi kwamba akishindwa yeye na ukoo wake watahamia Austria. Mwaka 2011 mwanawe Alois, anayetekeleza kazi za utawala kwa niaba ya baba yake tangu 2004, alitangaza kabla ya kura juu ya utoaji mimba kwamba hata wananchi wakikubali yeye hataidhinisha. Wananchi wakakataa kwa asilimia 52. Mwaka uliofuata wengine walipendekeza kwamba sheria iliyopitishwa kwa kura ya maoni isiweze kuzuiwa na Mtemi. Asilimia 76 walilipinga pendekezo hilo.

Mtetezi wa Mtemi hutuonyesha asilimia hizi na kusema: mbona wenyewe wametaka? Ni swali zuri, na jibu la kusema kwamba watu wamedanganywa halitoshi. Watu wa Liechtenstein wanajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Wamehesabu. Wana mshahara mkubwa, kodi ndogo, serikali isiyo na deni kubwa. Na ukoo unaotawala una benki, ardhi na jina linaloleta fedha. Anayeulizwa achague kati ya kumpunguzia mwenye mali mamlaka na kumwona mwenye mali akiondoka na mali yake, huchagua kama wachaguavyo watu wa mji wenye kiwanda kimoja. Kura hiyo ni ya kweli, hakuna aliyeibiwa karatasi. Lakini mezani paliwekwa kitu kimoja ambacho mpiga kura hakuwa nacho na Mtemi alikuwa nacho: uwezo wa kwenda zake. Nadharia inasema uwezo huo wa kuondoka ni wa mteja. Katika Liechtenstein aliyeutumia kama silaha ni mwenye duka.

Yafaa pia tulitaje jambo la mashamba ya Ucheki. Mwaka 1945 Chekoslovakia ilitaifisha ardhi ya ukoo wa Liechtenstein, pamoja na mali za raia wengine wa nchi hiyo, ikiwahesabu kuwa Wajerumani. Ardhi ya ukoo ilikuwa kubwa mara kumi kuliko nchi nzima ya Liechtenstein. Kwa ajili hiyo dola ya Liechtenstein haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Ucheki mpaka mwaka 2009, na mwaka 2020 ikaipeleka Ucheki mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Yawezekana ina haki kisheria. Hatuamui shauri hilo hapa. Lakini mhakiki hawezi kukosa kuona kwamba katika dola hii ya huduma, huduma ya mambo ya nje kwa zaidi ya miaka 60 iliongozwa kwa sehemu kubwa na madai ambayo sehemu yake iliyo kubwa kuliko zote ni ya ukoo mmoja.

Tumebakiza haki ya kujitenga, ambayo ndiyo kito cha nadharia nzima. Hapa Mtemi hakuishia kwenye maneno. Tangu mwaka 2003 katiba inaruhusu kila mmoja wa miji na vijiji 11 vya nchi kujitenga, na inaruhusu pia wananchi 1,500 kuanzisha hoja ya kuuondoa utemi. Hakuna dola nyingi zilizoandika hivyo, na wanaouita utawala huu wa kikabaila tu yawapasa wasome vifungu hivyo. Sisi tumevisoma. Uamuzi wa kuanza kujitenga hupitishwa na raia wenye kura wanaoishi katika kijiji. Wageni, ambao ni karibu theluthi moja ya wakazi wa nchi, hawaulizwi, wala wafanyakazi wanaovuka mpaka. Hoja ya kutokuwa na imani na Mtemi, hata ikipita kwa kura za wananchi, huamuliwa mwishoni kwa sheria ya ukoo, na wenye sauti katika sheria ya ukoo ni wanaume wa ukoo. Na kijiji kikiisha kupiga kura ya kutaka kujitenga, kifungu cha nne cha katiba kinasema kwamba kujitenga huko kutaratibiwa kwa sheria au kwa mkataba. Sheria hiyo, kama zilivyo sheria zote za Liechtenstein, itapelekwa Vaduz, juu ngomeni, kutiwa saini au kuachwa mezani miezi sita.